Darasa la Nne walivyonisahihisha kuhusu Kilwa

Najua nimeadimika, na wengine mmeanza kuuliza kama wino umeniishia. Haujaisha. Nilikuwa shule. Tena si chuo, ni shule ya msingi, Darasa la Nne, nimekaa dawati la nyuma kabisa magoti yakigonga mbao. Leo nawaeleza nilichofuata huko, na itabidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Wanaonisoma siku zote watakumbuka makala niliyoweka hapa baada ya kupita Kilwa nikitokea Mtwara. Niliandika kwa mbwembwe kuhusu magofu ya Kilwa Kisiwani, nikasema huo ni “mji uliojengwa na Waarabu”, kisha nikamalizia kwa kulalamika kwamba hatuthamini urithi wetu. Mlinipongeza sana. Hakuna aliyeniuliza huo urithi unakuwaje “wetu” kama umejengwa na wengine.

Wiki mbili baadaye nikapata ujumbe kutoka kwa mwalimu wa shule moja ya msingi kule Kilwa, upande wa bara. Hakunitukana. Aliniambia: kaka mwandishi, nimewasomea watoto wangu makala yako, wana maswali, unaweza kuja?

Nikaenda. Kutoka Dar unapita Mbagala, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, unafika Nangurukuru unakata kushoto kuelekea baharini. Njiani nilikuwa najiandalia hotuba fupi ya kuwatia moyo watoto wapende historia. Jamani, hotuba yenyewe sikuitoa.

Kwanza niwakumbushe sisi tulisomaje. Mimi nilisoma Dar, na historia ilikuwa ubao, daftari na fimbo. “Taja sababu tano.” “Eleza hoja sita.” Kilwa ilikuwa mistari miwili: biashara ya dhahabu kutoka Sofala, Wareno wakaja 1505, mji ukaanguka. Nilipouliza Sofala iko wapi nikaambiwa hilo ni la jiografia. Nikakariri, nikafaulu, nikasahau. Miaka mingi baadaye, nikiwa na kitambulisho cha uandishi shingoni, nikasimama mbele ya ukuta wa karne ya 14 na kuandika kitu nilichoambiwa na mtu kwenye boti.

Umejuaje?

Darasa lilikuwa na watoto 68, wengi wa miaka 9 na 10. Ukutani, kwenye karatasi za manila, makala yangu ilikuwa imenakiliwa kwa kalamu nene, sentensi moja moja. Chini ya kila sentensi palikuwa na nafasi tupu na neno moja: Umejuaje?

Baada ya “shikamoo” ya pamoja iliyotikisa mabati, msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

“Anko, uliwaona Waarabu wakijenga?”

Darasa likacheka. Nikasema hapana.

“Nani alikuambia?”

“Mtu mmoja kwenye boti.”

“Na yeye nani alimwambia?”

Wadau, nimewahi kuwahoji mawaziri. Sijawahi kubanwa namna ile.

Mwalimu akaniokoa. Akasema mgeni wetu atakaa nasi wiki nzima, na Ijumaa tutarudi kwenye karatasi hii tuone sentensi gani inasimama. Akanipa daftari la mistari kama la wenzangu. Hivyo ndivyo nilivyoanza upya Darasa la Nne.

Khanga za kuzungushia kisiwa

Mnaijua ile hadithi ya Kilwa. Tarehe za kale za mji huo zinasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, mtu aliyetoka Shirazi, alikuta kisiwa kina mtawala wake, akakinunua kwa kitambaa cha kutosha kukizunguka chote. Mimi hadithi hiyo niliisoma nikaipita. Darasa la Nne waliipima.

Kila aliyeweza aliambiwa aje na khanga ya nyumbani. Zikapatikana 40. Tukatoka uwanjani, tukaanza kufunga ncha kwa ncha. Khanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu, na mafundo yanakula sehemu yake. Tuliponyoosha zote, zilizidi kidogo tu nusu ya kiwanja cha mpira. Kukarudiwa darasani, hesabu ikapigwa: hata bila mafundo, kilomita moja tu inataka khanga kama 667. Na kisiwa hakina kilomita moja.

“Basi ni uongo!” wakapiga kelele wavulana wa nyuma.

Mwalimu hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza: kama msimuliaji alikuwa anatia chumvi, kwa nini alichagua kitambaa, asichague ng'ombe au mbuzi? Watoto wakawaza. Mmoja akasema kitambaa kilikuwa mali. Mwingine akasema kilikuja na majahazi. Mwalimu akatoa kigae cha chungu kilichochongwa duara na kutobolewa katikati, akakipachika kijiti, akasokota uzi wa pamba mbele yetu. Vigae vya namna hiyo, akasema, vimechimbuliwa kwa wingi Kilwa. Kwa hiyo kitambaa kilikuwa kinatengenezwa hapa hapa pia. Watoto wakapokezana kusokota. Nyuzi zilikatika ovyo, zangu zaidi ya zote.

Halafu yule msichana wa maswali akasema jambo ambalo nililiandika na kulipigia mstari.

“Mwalimu, kama alinunua, basi kulikuwa na mwenyewe.”

Naam. Hadithi ambayo siku zote inatumika kuonyesha kwamba Kilwa ilianzishwa na wageni, yenyewe inakiri kwamba mgeni alikuta wenyeji wana kisiwa chao, wanajua thamani yake na wanapanga bei. Na uchimbaji unaafiki. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alikuta chini kabisa dalili za watu walioishi pale tangu karibu karne ya 9, katika nyumba za miti na udongo, wakivua samaki na kutumia vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa. Mawe yalikuja juu ya hayo.

Kwa nini vyumba ni vyembamba?

Jumanne tulichora nyumba ya mawe ya Kilwa chini uwanjani, kwa kamba na chaki. Mwalimu aliwapa watoto vipimo vya vyumba kadhaa vya magofu. Kila kikundi kikachora chumba chake na kukaa ndani. Wakagundua haraka: vyumba ni virefu lakini vyembamba. Unaweza kupata urefu wowote, ila upana unachezea mita mbili na nusu hadi tatu.

Kwa nini? Majibu yalikuwa mengi. Watu walikuwa wembamba. Waliogopa majini. Walikuwa na wivu wa nafasi. Mwalimu akanyamaza, akatuma vijana wawili waende nyuma ya darasa. Wakarudi wamebeba boriti ya mkoko, ile ile inayotumika mpaka leo kuezekea. Wakailaza juu ya kamba za chumba. Ikaenea sawasawa, ikabaki kidogo ya kukaa juu ya ukuta kila upande. Wakajaribu kwenye chumba ambacho kikundi kimoja kilikuwa kimekichora kwa ujeuri, mita tano. Boriti ikaishia katikati.

Ungewaona nyuso zao! Dari za nyumba hizo zilikuwa za mawe na chokaa juu ya boriti, uzito mkubwa. Kwa hiyo aliyepanga upana wa chumba cha tajiri wa Kilwa alikuwa mti wa mkoko. Huo huo ulisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, mpaka karne ya 20, na kule nako ukabana vyumba vya watu kwa upana ule ule.

Nilikaa ndani ya chumba cha chaki nikajiuliza ni waandishi wangapi tumepiga picha za magofu hayo bila hata kujiuliza mbona vyumba vimebana.

Sarafu za muhogo

Jumatano ilikuwa ya sarafu, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nilifurahi kama mtoto.

Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, nyingi za shaba, ndogo ndogo. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zina vina. Yaani ukigeuza sarafu, umemaliza beti! Na zilisafiri. Moja ilikutwa Zimbabwe Kuu. Tano ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja wa Australia kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Mwalimu alitundika ramani ya dunia, watoto wakavuta uzi kutoka Kilwa mpaka Australia, uzi ukakatiza bahari yote ya Hindi darasani na kuwanasa waliokaa katikati.

Kazi ilikuwa hii: tunga beti lako la vina viwili, lichonge kwenye kipande cha muhogo, uligonge kwenye udongo wa mfinyanzi. Dakika ishirini za ukimya. Halafu kilio: maandishi yametoka kinyume! Hakuna aliyekuwa amewaonya. Ikabidi wote waanze tena, wachonge herufi kigeugeu, na wengine wakaazima kioo kwa Mwalimu. Ndipo wakaelewa kwamba fundi aliyechonga muhuri wa sultani alikuwa mtu aliyejua kuandika kwa kurudi nyuma.

Beti zenyewe sasa. “Mimi Halima” upande mmoja, “nashukuru uzima” upande wa pili. Mwingine: “Mimi Bakari”, geuza, “wali wangu kwa achari”. Mwalimu alicheka mpaka akakaa.

Lakini mwisho wa kipindi akauliza swali. Kwenye sarafu za kweli kuna jina la nani? La sultani. La fundi aliyechonga liko wapi? Wakageuza sarafu zao huku na huku, kana kwamba wangeliona.

Kuvuka

Alhamisi tulivuka. Safari hiyo nusura ivunjike, na sitaki kuwaficha. Michango ya wazazi haikutimia. Watoto 19 walikuwa hawajatoa kitu, na kuna waliosema hao wabaki. Mwalimu alikataa. Mwishowe baba wa mtoto mmoja, mvuvi, akaleta mashua yake bure, tukavuka kwa awamu kwa sababu majaketi ya kujiokolea yalikuwa machache. Awamu ya mwisho ilifika jua limeshakuwa kali.

Kwa wasiojua, Kilwa Kisiwani na jirani yake Songo Mnara viliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, vikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, vikaondolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Lakini kisiwa si makumbusho. Watu wanaishi pale. Kuna bibi tulimkuta anaanika samaki hatua chache kutoka kwenye ukuta wa kale, akawauliza watoto, “Mmekuja kutazama nyumba za wenzangu?” Niliipenda hiyo “wenzangu”.

Sheria ya siku ilikuwa moja: mikono nyuma. Vigae viko kila mahali chini, vya rangi, vya China, vya Uajemi, na hasa vile vyekundu na vyeusi vya vyungu vya kwetu. Kuokota na kuondoka navyo ni kosa, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Mwalimu akaeleza kwa namna yao: kigae kikitoka mahali pake ni kama neno lililochanwa kwenye kitabu. Kwa hiyo wakahesabu kwa macho. Kila kikundi kilipewa eneo dogo, vya kung'aa weka mstari huku, vya kawaida weka mstari kule. Madaftari yakajaa upande mmoja. Ndivyo ilivyo hata kwa wachimbaji: vyombo vya kigeni ni sehemu ndogo sana ya vilivyopatikana. Vinapigwa picha sana kwa sababu ni vizuri, lakini chakula cha Kilwa kilipikwa kwenye vyungu vya Kilwa.

Tukaingia Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ilikuwa na dari bapa ya boriti. Watoto hawakuambiwa kitu, walinyoosha mikono kupima na kunong'onezana: mkoko, mkoko. Halafu wakaingia upande wa kusini, upanuzi wa karne ya 14, wakatazama juu. Kuba! Mvulana mmoja akasema kwa sauti, “Hapa walimshinda mkoko.” Sikuwahi kusikia mtu mzima akieleza jengo lile vizuri zaidi.

Husuni Kubwa nako, kasri la yule sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane juu ya bahari. Watoto walitaka kujua nani alijaza maji. Swali zuri.

Tulipopumzika, mzee mmoja anayejua kuchoma chokaa akatueleza kazi yake, watoto wakikaa mbali. Unapanga magogo duara, unapandisha matumbawe juu, unachoma, kisha unazima kwa maji, na hapo ndipo penye hatari maana chokaa inachemka na kuunguza. Kisha inakaa. Ukarabati wa kuta hizi unataka chokaa ya namna hiyo, kwa sababu saruji ni ngumu mno kwao na inafungia maji ndani. Mzee akaonyesha lundo la kuni na kiasi cha chokaa kitakachotoka. Lundo kubwa, chokaa kidogo.

Yule msichana akatazama Msikiti Mkuu, akatazama kuni.

“Babu, msikiti mmoja umekula miti mingapi?”

Mzee akacheka. “Mwanangu, uliza pia uliwachosha watu wangapi.”

Mwalimu hakuliacha hilo. Aliwaambia kwa maneno mepesi kwamba kulikuwa na mafundi, wapiga mbizi wa matumbawe, wakata mikoko, na kwamba msafiri Ibn Battuta, aliyefika 1331, aliandika pia kuhusu sultani kufanya mashambulizi bara na kuchukua ngawira. Si wote waliobeba walipenda kubeba. Watoto wakanyamaza. Nilifikiri labda ni wadogo mno kwa habari hiyo. Sasa nadhani wadogo mno ni wale tunaowaambia kwamba kuta zilijijenga.

Shimo la nguzo

Ijumaa ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Huyo Ibn Battuta alisimulia safari zake zikaandikwa kule Morocco, zikakamilika 1355, yaani miaka 24 baada ya kufika Kilwa. Aliusifu mji kwa uzuri, lakini akasema umejengwa kwa miti. Miti! Na sisi jana tumetoka kushika mawe. Nani mwongo? Watoto wakagawanyika. Kundi moja likasema alisahau, miaka 24 ni mingi. Jingine likasema mwandishi wake alikosea kuandika. La tatu likasema aliona kweli, ila aliona nyumba za watu wengi, na watu wengi hawakuwa na nyumba za mawe.

Mwalimu akasema la tatu lina ushahidi. Pale Kilwa na Songo Mnara wachimbaji wamekuta dalili za nyumba za udongo kando ya zile za mawe.

Hapo mvulana mmoja ambaye wiki nzima hakuwa amesema kitu akanyoosha mkono. Baadaye niliambiwa kwamba nyumba yao ya miti na udongo iliangushwa na mvua za masika, na kwa sasa familia inaishi kwa jamaa. Akauliza polepole:

“Kwa hiyo wa udongo wakiondoka hakibaki kitu?”

Mimi sikuwa na jibu. Mwalimu alikuwa nalo, na alikuwa amelitayarisha mwaka mmoja kabla.

Alitutoa nje mpaka pembe ya kiwanja, mahali pa kawaida kabisa, nyasi kidogo na vumbi. Akagawa miko ya fundi na majembe madogo. Kwangua taratibu, akasema, usichimbe, kwangua. Tukakwangua. Kiganja kimoja kwenda chini, udongo mwekundu ukaanza kuonekana, safi. Halafu mtu akapiga yowe. Kwenye udongo mwekundu palikuwa na duara jeusi, ukubwa wa kikombe cha uji. Hatua moja mbele, jingine. Kisha jingine, katika mstari.

Darasa la Nne la mwaka uliopita walisimika nguzo pale, wakazing'oa, mashimo yakajaa takataka na udongo wa juu, masika ikapita, pakasawazishwa. Hakuna aliyeweza kujua. Lakini ardhi iliyowahi kuguswa hairudi rangi yake ya kwanza. Watoto wakachomeka vijiti kwenye kila duara, wakafunga kamba kutoka kijiti hadi kijiti. Pembe nne zikatokea, na pengo upande mmoja.

“Mlango!” wakasema wote.

Kisha Mwalimu akatoa madonge ya udongo ambayo wao wenyewe walikuwa wamebonyeza fito juu yake siku ya Jumatatu, na mama anayepika uji wa shule akayaweka motoni. Yalikuwa magumu kama tofali, na alama ya kila fito ilionekana, hata ganda la mti. Nyumba ya udongo ikiungua huacha madonge kama haya, akasema, na mchimbaji akiyaona anajua ukuta ulikuwa mnene kiasi gani.

Yule mvulana alichuchumaa akaweka kiganja kwenye duara moja, akakaa nacho. Kisha akauliza kama anaweza kwenda kukwangua kwao. Mwalimu akamwambia mwulize baba yako kwanza.

Turudi kwenye manila

Msifikiri wote wanaufurahia ufundishaji huu. Wiki ile ile nilisikia mtu akisema dirishani kwamba watoto wanachezea udongo na mtihani unakuja. Nilimuuliza Mwalimu. Akasema mtihani utauliza Wareno walifika lini, na watajibu 1505, kwa sababu hilo analiandika ubaoni kama kila mtu. Tangu 2024 mtaala mpya umeanza kuleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa wadogo, na yeye amelifurahia. Ila wasiwasi wake ni kwamba tutabadilisha jina la somo na kubaki na fimbo na hoja sita. Watoto hawa, akasema, kila siku wanaona magofu ng'ambo ya maji. Wakikua wakiamini ni ya watu wengine, watakwenda kuchukua mawe yake wakajengee vyoo, na sitakuwa na la kuwaambia.

Kumbe hilo ndilo nililokuwa nalilalamikia kwenye makala yangu, huku mwenyewe nikiwahubiria watu kwamba ni ya wengine!

Na gharama? Kamba, chaki, khanga za kuazima, mihogo, udongo, boriti moja. Kilicho ghali ni mashua, na ni muda wa mwalimu.

Ijumaa jioni tukasimama mbele ya karatasi. Sentensi yangu ilikuwa bado pale: mji uliojengwa na Waarabu. Mmoja akataka ifutwe, iandikwe “mji uliojengwa na Waafrika”, basi. Yule msichana akamgeukia: umejuaje? Mwalimu akawaeleza kuhusu utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023. Mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya pwani hii, Kilwa ikiwemo, ilipimwa vinasaba. Ikaonekana kwamba wengi walikuwa na asili mbili: Afrika, hasa kwa upande wa kina mama, na Asia, hasa Uajemi kwa upande wa kina baba, na kuchanganyika huko kulianza kama miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo yule mgeni wa kwenye hadithi hakuwa hewa tupu. Lakini alikuta wenyewe, akaoa kwao, akawa wao.

Walibishana nusu saa. Hatimaye wakaandika kwa kalamu nyekundu, nami nanakili kama ilivyo kwa sababu ndiyo masahihisho rasmi ya makala yangu ile:

“Kilwa ilianzishwa na watu wa hapa hapa. Wageni walikuja, wakanunua na kuoa. Wote pamoja walikuwa Waswahili wa Kilwa. Waliojenga hasa ni waliochoma chokaa, kukata mikoko na kubeba mawe, na majina yao hayapo kwenye sarafu.”

Nilisaini chini. Makala ya zamani nimeiacha ilipo, ila juu yake nimeweka maneno hayo.

Sasa zamu yenu wadau. Wewe ulifundishwaje historia ya mahali ulipozaliwa? Kaole, Kunduchi, Engaruka, Lamu, au kijiji ambacho hakina gofu hata moja? Ukienda kwenu likizo, mwulize babu au bibi nyumba ya kwanza ya ukoo ilisimama wapi. Nenda pale. Usichimbe, tazama tu: mti uliopandwa mlangoni, vigae, madonge ya udongo yenye alama za fito. Kisha njoo unisimulie. Ila nakuonya mapema, nitakuuliza umejuaje.

Tukijaaliwa, tuonane wiki ijayo.